Shajara ya mradi: misuli ya kupumua ya Baba na usingizi wa mchana

12 Januari 2025: Tunapoanzia

Baba ana miaka 58 na anaendesha lori kati ya bandari ya Dar es Salaam na Tunduma. Mwishoni mwa mwaka jana alisinzia kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza, injini ikinguruma, hadi utingo alipomtikisa bega. Hakuna aliyeumia. Mama alikuwa akilalamika muda mrefu kwamba usiku Baba anakoroma, kisha ananyamaza kabisa, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Sote tulisema ni uchovu wa safari.

Hospitali moja ya binafsi ilimpa kifaa cha kupima usingizi akalala nacho nyumbani. Majibu: pumzi yake hukatika au kupungua mara 27 kwa kila saa ya usingizi. Chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 15 hadi 30 ni ya kati, na kuanzia 30 ni kali. Daktari alituchorea apnia ya usingizi inavyotokea: mtu akilala misuli ya koo inalegea, ulimi na kaakaa laini vinarudi nyuma, njia ya hewa inajifunga, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua kwa sekunde chache avute hewa, halafu yote yanaanza upya. Asubuhi hakumbuki kuamka, ndiyo maana Baba huapa kwamba amelala vizuri.

Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliitangaza mwaka 1981. Bei tuliyotajiwa ni milioni mbili na laki nne, na kwa sasa hatuna. Wakati ukoo unachanga, daktari amekubali tujaribu mazoezi ya misuli ya kuvutia hewa, yaani kiwambo (msuli mpana ulio chini ya mapafu) na misuli ya mbavu, kwa masharti mawili.

La kwanza, Baba asishike usukani. Mwajiri amemhamishia yadi kupanga mizigo. Mshahara unaingia, lakini posho za safari zimekatika, na hiyo ndiyo gharama kubwa ya mradi huu kuliko vifaa vyote nitakavyovitaja.

La pili, apigwe picha ya kifua kwanza, kwa sababu aliugua kifua kikuu ujanani. Pafu lenye mapango au makovu mabaya si la kuvutishwa hewa kwa nguvu kabla halijaangaliwa. Aliyewahi kupasukiwa pafu au ngoma ya sikio naye asianze bila daktari. Picha ya Baba ilikuwa salama.

Sababu ya kujaribu ipo. Mwaka 2016 Vranish na Bailey wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha utafiti wa watu 24 wenye apnia. Kwa wiki 6 kundi moja lilivuta pumzi 30 kila siku dhidi ya ukinzani mkubwa, na lingine dhidi ya ukinzani hafifu. Waliofanya kwa nguvu walishuka presha ya juu kwa takriban 12 na ya chini kwa 5, wakashtuka mara chache zaidi usiku, na wakasema wanalala vizuri zaidi. Lakini idadi ya pumzi kukatika kwa saa haikubadilika. Hapo pananikaa moyoni kuliko matokeo mengine yote, maana mtu anaweza kuacha kusinzia na koo likaendelea kuziba vilevile. Kwa hiyo tutapima vitu viwili mbalimbali: kusinzia mchana, na pumzi kukatika usiku. Kimoja hakitasimama badala ya kingine.

Gharama hadi sasa: kipimo cha usingizi 450,000, picha ya kifua 25,000.

19 Januari: Dodoso lililojibiwa na watu wawili

Kusinzia tunakupima kwa dodoso la Epworth, lililotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991. Lina maswali manane: una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa unasoma, ukitazama televisheni, ukiwa umekaa tu mahali pa watu, ukiwa abiria kwa saa nzima, ukijilaza alasiri, ukiongea na mtu, ukikaa baada ya chakula cha mchana, na gari likisimama kidogo kwenye foleni. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 24. Zaidi ya 10 ni kusinzia kupita kiasi.

Baba alijipa 6. Mama alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

"Baba Asha, jana umelala na tonge mkononi."

"Sikulala, nilifumba macho."

Dereva aliyekwisha kuondolewa barabarani hawezi kujaza fomu hiyo kwa moyo mweupe, na simlaumu. Kila alama anaiona kama siku nyingine ya kukaa yadi. Tukaigawa karatasi mara mbili. Baba anajaza yake, Mama anajaza ya kwake juu ya Baba, kila mmoja peke yake, Jumapili baada ya chakula. Mama alimpa 16. Alama ya Mama ndiyo nitakayoifuata humu, ya Baba naihifadhi pembeni.

Jambo la kiufundi kwa atakayeiga: swali la kusoma tulilieleza kuwa ni gazeti au msahafu, na la abiria kuwa ni daladala au basi. Ukishachagua maneno yako usiyabadilishe katikati, la sivyo alama za mwanzo na za mwisho hazilingani.

Presha, wastani wa asubuhi za wiki nzima akiwa amekaa na kupumzika: 148/92.

2 Februari: Kifaa cha mipira mitatu hakifai

Duka la dawa lilituuzia kile kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu ambacho wagonjwa hupewa baada ya upasuaji. Unavuta hewa kwa mrija, mipira inapanda: wa kwanza kwa mililita 600 kwa sekunde, wa pili 900, wa tatu 1,200. Baba aliipandisha yote tangu siku ya kwanza na akaendelea hivyo, bila jasho wala uchovu.

Kifaa hicho ni kizuri kwa kazi yake, nayo ni kumfanya mtu avute pumzi ndefu ili mapafu yafunguke. Hakina uzito wa kutosha wa kuimarisha misuli. Misuli ya kupumua haina tofauti na ya mkono, isipobeba mzigo haikui. Tulijaribu pia kile cha kuvutia kupitia tundu linalobadilishwa ukubwa. Kinakaza, lakini ukivuta polepole ukinzani unatoweka, na Baba aligundua hilo mapema mno.

Kinachotakiwa ni kifaa cha springi. Ndani kuna valvu iliyobanwa na springi, na haifunguki hata kidogo mpaka uvute kwa nguvu uliyoipanga. Uvute haraka au polepole, mzigo ni uleule. Nguvu hiyo inapimwa kwa sentimita za maji. Nimekiagiza, kitakuja na ndugu anayetoka Dubai.

Gharama: mipira mitatu 25,000, kile cha tundu 30,000. Vyote viwili vimewekwa kabatini.

16 Februari: Kupima nguvu ya Baba kwa mpira wa maji

Huwezi kupanga mzigo kabla ya kujua nguvu kamili ya mtu. Hospitali zenye kipimo hicho ni chache, lakini jina la kizio lenyewe linatoa njia: sentimita za maji ni sentimita za maji kweli. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na kipimo hiki nimekitengeneza kwa mpira wa uwazi wa duka la vifaa vya ujenzi, nikaukunja umbo la U kwenye ubao, nikatia maji yenye rangi ya chakula hadi nusu. Mtu akivuta upande mmoja, maji yanapanda huko na kushuka kwingine. Tofauti ya pande zote mbili ndiyo jibu. Anayesoma upande mmoja tu anapata nusu ya ukweli.

Ubao wa kwanza ulikuwa na mikono ya sentimita 50. Baba akavuta, maji yakapanda hadi juu na kuingia mdomoni. Ubao wa pili una mikono ya sentimita 140, na kati ya maji na mdomo nimeweka chupa ya kudaka. Chupa ya maji ya kunywa ilijikunja na kuharibu kipimo, kwa hiyo tumia ya kioo. Yetu ilikuwa ya jemu, mfuniko una matundu mawili yaliyozibwa kwa silikoni.

Tatizo lililofuata lilikuwa gumu zaidi kuliona. Baba alitoa 110, namba ya kijana mwenye afya, na nilitaka kuiamini. Lakini kifua chake hakikuwa kinasogea. Mashavu ndiyo yaliyokuwa yameingia ndani. Alikuwa ananyonya kama anavyonyonya soda, na mashavu peke yake yana nguvu ya kuinua maji mengi. Vipimo vya hospitali huepuka hilo kwa tundu dogo la kuvujisha hewa, lenye upana wa milimita 2 na urefu wa sentimita 2 hadi 3. Mashavu hayana nafasi ya kutosha kupokea hewa inayoingia kwa tundu hilo, mapafu yanayo. Nilikata kipande cha mrija wa wino wa kalamu, nikakipachika karibu na mdomo. Namba ikashuka hadi 64. Hiyo ndiyo nguvu ya Baba.

Utaratibu: akae wima, pua ibanwe, atoe hewa yote, avute kwa nguvu zote na kushikilia zaidi ya sekunde moja. Rudia baada ya kupumzika mpaka upate namba tatu zinazokaribiana, chukua kubwa.

Gharama: mpira, mbao, silikoni na misumari, 18,500.

23 Februari: Springi imefika

Kifaa kinapangika kutoka 9 hadi 41. Waliofanyiwa utafiti kule Arizona walivuta kwa asilimia 75 ya nguvu zao, ambayo kwa Baba ni 48, nje ya uwezo wa kifaa hiki. Hata hivyo mtu haanzi na mzigo huo. Tumeanza na 32, nusu ya nguvu yake: pumzi 30 kila asubuhi, kwa makundi ya sita sita, na kupumzika kati ya kundi na kundi.

Mapumziko hayo yalikuja baada ya Baba kuona kizunguzungu na vidole kufa ganzi. Alikuwa anazifululiza pumzi zote 30, akitoa hewa ukaa kwa wingi kupita kiasi. Sasa anavuta kwa nguvu, anatoa hewa taratibu bila kusukuma, na katikati ya makundi anapumua kawaida. Dalili zimekwisha. Pua inabanwa kwa kibanio cha waogeleaji. Kifaa kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kukaushwa. Katika joto la Dar mate yakibaki ndani huanza kunuka haraka.

Gharama: 145,000 pamoja na usafiri.

30 Machi: Ramadhani ilivuruga dodoso

Mwezi huu alama ya Mama ilipanda hadi 17. Ungetazama namba tu, ungesema mazoezi yanamdhuru. Lakini nyumba nzima tulikuwa tunaamka kula daku, tarawehe inaisha usiku, na kila mtu anasinzia adhuhuri. Nilijijazia dodoso mwenyewe nikapata 12, wakati kawaida yangu ni 5.

Alama zote za mwezi huu nimezitenga. Mazoezi hayakusimama, ila tumeyahamishia usiku baada ya futari kutulia tumboni, maana kuvuta kwa nguvu ukiwa umeshiba kunaleta kiungulia, na ukiwa na kiu koo linakauka. Anayetaka kuanza mradi kama huu aangalie kalenda kwanza. Kipimo cha usingizi kinataka wiki za kawaida.

20 Aprili: Springi imefika mwisho wake

Ubao wa maji unasema 86. Nguvu imepanda kwa theluthi moja na zaidi, na Baba anavuta 41 akiwa anatazama taarifa ya habari. Kifaa sasa ni chini ya nusu ya uwezo wake, yaani tumerudi kwenye mipira mitatu kwa njia nyingine.

Nimenunua kingine cha springi nzito kinachovuka 90, kwa 230,000. Kama ningekuwa naanza leo na mtu mwenye mwili wa Baba, fedha ya kile cha kwanza ningeiweka moja kwa moja hapa. Tumepanga 50, tutapanda kidogo kidogo hadi 64.

Alama ya Mama: 13. Presha: 141/88. Baba anasema hasinzii tena yadi baada ya chakula, na msimamizi wake, ambaye hajui lolote kuhusu mradi, amemwambia Mama jambo hilohilo.

1 Juni: Tumeongeza mazoezi ya koo

Nilikuwa nimeyazuia kwa makusudi. Ukianza vitu viwili pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Sasa tuna miezi ya misuli ya kifua peke yake, tunaweza kuongeza.

Mazoezi ya koo yana ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2009 Kátia Guimarães na wenzake wa São Paulo walichapisha utafiti wa wagonjwa 31 wenye apnia ya kati. Waliofundishwa mazoezi ya ulimi, kaakaa na mashavu kwa miezi 3 walishuka kutoka takriban 22 hadi 14 kwa saa, na alama ya Epworth kutoka 14 hadi 8. Hapa, tofauti na Arizona, pumzi kukatika kwenyewe kulipungua.

Baba anafanya haya: kuburuta ncha ya ulimi kutoka nyuma ya meno ya juu kurudi ndani kando ya kaakaa, kubandika ulimi wote juu ya kaakaa na kuushikilia, kushusha nyuma ya ulimi huku ncha ikigusa meno ya chini, kutamka "aaa" kwa kupandisha kilimi (kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo), akijitazama kwa kioo na tochi ya simu, kusukuma shavu kwa kidole huku shavu likikataa. Kula kwa kutafuna pande zote mbili pia ni sehemu ya zoezi.

La kilimi lilimchukua muda. Alikuwa anatoa sauti tu, kaakaa limelala. Kilichosaidia ni kuanza na mwayo: mtu akipiga mwayo kilimi hupanda chenyewe, na akikiona kwenye kioo anajua ni misuli gani anaitafuta.

Rafiki mmoja aliniuliza kuhusu didgeridoo, lile bomba la wenyeji wa Australia. Ni kweli, mwaka 2006 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Uswisi wa watu 25. Waliopuliza kwa miezi 4 walipunguza kusinzia na pumzi kukatika. Ufundi wake ni kuvuta hewa kwa pua huku mashavu yanaendelea kusukuma, kitu ambacho wapiga zumari wetu wa Pwani wanakijua. Nilikata bomba la plastiki la mabomba ya maji tukajaribu. Bila mwalimu Baba hakuweza kuunganisha pumzi, na zumari si chombo kilichopimwa. Tumeliacha.

13 Julai: Kipimo cha marudio

Hospitali ileile, kifaa kilekile, kitanda kilekile. Uzito wa Baba haujabadilika, hilo nililiangalia kwa sababu kupungua uzito peke yake kungeweza kueleza mabadiliko.

Alama ya Mama: 9. Ya Baba mwenyewe: 8, na hii ni mara ya kwanza wawili hao kukaribiana. Presha: 137/85, dawa hazijabadilishwa. Nguvu ya kuvuta: 92.

Pumzi kukatika kwa saa: 22.

Baba aliposikia namba za mwanzo alisimama. "Mwanangu, basi kesho niende nikachukue funguo." Nilimsomea ya mwisho. Kutoka 27 hadi 22 ni kushuka kudogo, na usiku mmoja na mwingine hutofautiana kiasi hicho hata bila mazoezi. Bado yuko hali ya kati. Koo linaziba zaidi ya mara ishirini kila saa, oksijeni inashuka, moyo unafanya kazi usiku kucha.

"Lakini sisinzii."

"Najua, Baba. Ndiyo maana naogopa zaidi."

Hilo ndilo linalonifanya niandike shajara hii kwa ukamilifu. Kusinzia kulikuwa kengele iliyotupeleka hospitali. Mazoezi yameipunguza sauti, na ninashukuru kwa hilo kila siku ninapomwona akizungumza na wajukuu alasiri macho yakiwa wazi. Lakini mtu aliyeanza bila kipimo cha usiku angefika hapa, akajisikia mpya, akarudi kwenye mteremko wa Kitonga na tani thelathini nyuma yake. Kipimo cha pili kilitugharimu 450,000 nyingine. Kama fedha inatosha kwa kitu kimoja tu, chukua kipimo, acha springi.

Daktari amesema mazoezi yaendelee na mashine itafutwe.

24 Agosti: Mashine

Tulikaribia kununua iliyotumika kwa laki tisa. Nilipoifungua nilikuta sponji ya ndani imeanza kumeguka kuwa vumbi jeusi, kwenye njia ya hewa anayovuta mgonjwa. Mwaka 2021 mamilioni ya mashine za kupumulia duniani ziliitwa zirudishwe kwa tatizo la sponji kuoza, na baadhi huzunguka bado kwenye mitumba. Atakayenunua iliyotumika aangalie namba ya toleo kabla ya kutoa fedha, na afungue mfuniko wa chujio kwa macho yake.

Mchango wa ukoo umefika, tumenunua mpya. Barakoa ya kwanza ilifunika pua na mdomo na ikavuja kwenye masharubu usiku kucha. Ya puani peke yake imetulia. Hapa mazoezi yamelipa kwa namna ambayo sikuitarajia: Baba amezoea kufunga mdomo na kupumua kwa pua, hivyo hewa haimtoroki.

Umeme ukikatika mashine inazima na anaamka akiwa amekabwa. Fundi wa sola wa mtaani anatuunganishia betri na kigeuzi, 310,000.

Pumzi 30 za asubuhi zinaendelea, kwa 64. Mazoezi ya koo yanaendelea jioni. Kuhusu usukani, daktari anataka kuona kwenye kumbukumbu ya mashine kwamba Baba anaivaa saa zisizopungua nne kila usiku, kisha apimwe tena akiwa ameivaa. Wiki hii ana siku za saa mbili na siku za saa sita. Majibu nitayaongeza hapa yakitoka.